Twaheshimu Nini katika Motokaa ya Kale?

Yako mambo ambayo kwa sura yake yaonekana kuwa mchezo tu wa watu wenye nafasi, lakini ukiyatazama kwa makini waona kwamba yamebeba swali zito. Mojawapo ni mapenzi ya watu kwa motokaa za kale za mashindano, zile zilizokwisha kuchakaa, kisha zikachukuliwa na mafundi hodari, zikafunguliwa nati kwa nati, zikarudishwa katika uzuri wake wa kwanza. Motokaa ya namna hiyo ikiletwa hadharani, wazee kwa vijana huizunguka. Mmoja huinama kutazama chini yake, mwingine huomba kifuniko cha injini kifunuliwe, wa tatu husimama kimya akisikiliza mngurumo wake kama mtu asikilizaye ngoma ya kwao.

Wala mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Sisi wa Afrika ya Mashariki twayajua mashindano ya motokaa tangu mwaka 1953, ilipoanza Safari ile iliyokuja kupata jina duniani kote kwa sababu ya vumbi, matope na mito yake. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano mengine, East African Safari Classic Rally, ambayo hushindaniwa kwa motokaa za zamani zilizotengenezwa upya. Watoto wa vijijini wasimamao kando ya barabara kuzipungia mkono hawakuwako zilipokuwa mpya, lakini nao hushangilia.

Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu: je, kustaajabu huko ni kwema, ama ni upuuzi? Na kama ni kwema, ni kitu gani hasa kistahilicho heshima? Ni chuma chenyewe, au umri wake, au jina lake, au mkono wa fundi? Swali hili si la wenye motokaa tu. Kila nyumba ina kitu cha kale kinachotunzwa, na kila mtu ana maisha yaliyopita ambayo apenda yaonekane mazuri mbele ya wenzake. Namna tunavyovitendea vitu vya kale hufundisha watoto wetu namna ya kuutendea ukweli.

Tuanze na lililo jema. Kazi ya kufufua motokaa ya kale si kazi ya mtu mvivu. Kwanza fundi huifungua yote, na kila kipande hukiosha, hukipiga picha na kukitia alama, asije akasahau mahali pake. Kisha hutenganisha vile vinavyoweza kutumika tena na vile vilivyoliwa na kutu. Vipuri vingine havitengenezwi tena popote duniani, na kiwanda kilichovitoa pengine kilifungwa zamani. Basi fundi hana budi kuvitafuta katika maghala ya watu au kuvichonga mwenyewe akifuata michoro ya kale. Rangi hupakwa, husuguliwa, ikapakwa tena, mpaka uso wa bati uwe kama maji yaliyotulia. Kazi kama hiyo huweza kuchukua miaka miwili au mitatu, na saa zake zahesabiwa kwa maelfu.

Na jambo litupendezalo zaidi ni hili: sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani. Mafundi wenye sifa husafisha ndani ya milango, chini ya sakafu, nyuma ya vyombo vya kupimia mwendo, mahali ambapo mpita njia hatafika kamwe. Twajua sote aina nyingine ya kazi, ile ya kupaka rangi juu ya kutu ili mnunuzi asione. Wahenga waliisema vizuri waliponena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi mtu anapoinama chini ya motokaa ya kale na kukuta ya kwamba hata bolti iliyofichika imefungwa kwa uangalifu ule ule wa zile za nje, akastaajabu, hastaajabii chuma. Anaheshimu uaminifu. Amekutana na mtu ambaye hakumdanganya hata pale alipoweza kumdanganya bila ya kujulikana. Heshima ya namna hiyo ni njema, na laiti ingekuwako zaidi katika karakana zetu, katika majengo yetu, na hata katika ofisi zetu.

Watakuwako watakaosema: “Lakini fedha zinazoteketea katika mchezo huo! Wako watu hawana maji safi, na huyu anatumia mali ya kujengea zahanati ili usukani wa mbao urudi kung'aa.” Hatulidharau neno hili. Mali ina wajibu wake, na mwenye mali ataulizwa juu ya jirani yake kama ataulizwavyo juu ya nyumba yake. Hata hivyo si haki kulihukumu jambo zima kwa sababu ya ubadhirifu wa baadhi ya watu. Binadamu hakuumbwa ale na kulala tu. Anachonga milango, anatarizi kofia, anapamba jahazi lake. Kupenda kitu kilichofanywa vizuri si dhambi. Twaona hatari iko mahali pengine, pasipotazamwa sana, nayo ni kwamba mapenzi ya kitu kizuri huweza kumfanya mtu asitake kujua ukweli wake. Ili tueleweke, na tutoe mfano mmoja uliotokea Uingereza na kufika mbele ya hakimu.

Katika miaka ya 1920 kampuni ya Bentley ilitengeneza motokaa kubwa zenye nguvu nyingi. Mojawapo ya aina zake iliitwa Speed Six, yenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita sita u nusu. Motokaa moja ya aina hiyo iliingizwa katika mashindano ya Le Mans, Ufaransa, ambapo madereva hupokezana usukani muda wa saa ishirini na nne, mchana na usiku. Mwaka 1929 ilishinda ikiendeshwa na Woolf Barnato pamoja na Henry Birkin. Mwaka 1930 Barnato alishinda tena, safari hii pamoja na Glen Kidston, na ushindi huo wahesabiwa pia kuwa wa motokaa ile ile. Wapenzi wake wakaiita “Old Number One”, yaani Namba Moja ya Kale.

Lakini motokaa ya mashindano haikai kama sanamu. Ilifunguliwa na kufungwa mara nyingi, vyuma vilivyochoka vikatolewa, vipya vikatiwa. Mwaka 1932 ilitiwa injini nyingine kubwa zaidi, ya lita nane, ikapelekwa kushindana maili 500 katika uwanja wa Brooklands. Humo dereva Clive Dunfee aliruka nayo ukingo wa juu wa njia, akafa. Baada ya ajali ile ilitengenezwa tena, ikawa gari lenye paa, la kutembelea barabarani. Miaka ikapita, ikawa na wenyewe wengine, na hatimaye ikatengenezwa upya kwa fahari.

Mwaka 1990 kampuni moja ilipatana na mwenyewe kuinunua kwa thamani ya pauni milioni 10, sehemu yake ikiwa fedha na sehemu motokaa nyingine. Kisha wanunuzi wakakataa kuendelea. Walisema: hii siyo Old Number One. Fremu si ile, injini si ile, bodi si ile. Kilichobaki cha mwaka 1929 ni kidogo mno. Mwenyewe akaenda mahakamani London. Hivyo hakimu Otton akajikuta amepewa swali ambalo wenye hekima wamebishana juu yake kwa karne nyingi: kitu kilichobadilishwa karibu sehemu zake zote, je, ni kile kile?

Mwandishi wa Kiyunani, Plutarch, alieleza kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus. Ubao ulipooza waliuondoa wakatia mwingine, hata wanafalsafa wakaitumia kwa mabishano yao: hawa wakisema ni merikebu ile ile, wale wakisema siyo. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Je, akitokea mtu akaziokota zile mbao kuukuu zote, akaziunga tena kama zilivyokuwa, tutakuwa na merikebu mbili za Theseus?

Watu wa pwani yetu hawahitaji kwenda Athene ili waelewe. Jahazi lililofanya safari miaka arobaini limekwisha kutiwa mbao mpya, limekalafatiwa mara zisizohesabika, tanga na mlingoti si vile vya kwanza, hata baadhi ya mataruma yamebadilishwa. Lakini muulize nahodha, naye atakuambia jina lake lile lile alilopewa siku liliposhushwa majini. Wala hadanganyi. Jahazi halikufa siku moja likazaliwa jingine. Kila ubao mpya ulipotiwa, ulitiwa katika chombo kilichokuwa hai, chenye mabaharia wake, na deni lake, na safari iliyokuwa ikingoja.

Hakimu naye alikwenda njia iliyo karibu na hiyo. Aliona kwamba motokaa ile haikuwa ya asili kwa maana ya kubaki na vyuma vyake vya kwanza. Wala haikuwa mwigo uliotengenezwa ili ufanane na iliyopotea. Ilikuwa na historia isiyokatika. Mabadiliko yalikuja pole pole katika maisha yake, na hapakuwa na motokaa nyingine duniani iliyoweza kudai jina lile kwa haki. Kwa hiyo akaamua kwamba ni Old Number One ya kweli, na wanunuzi wakatakiwa kutimiza mapatano yao.

Sisi twaiona hukumu ile kuwa ya busara, na twapenda tuseme sababu. Kama kuwa “wa kweli” kungekuwa ni kubaki bila ya kubadilika, basi hakuna kiumbe hai ambaye angekuwa wa kweli. Mwili wa mzee si mwili wa mtoto aliyekuwa. Nyumba ya ukoo imeezekwa upya mara tatu. Ndoa ya miaka thelathini haifanani na siku ya arusi, maana imepita katika maradhi, misiba na masamaha. Wala hatusemi kwamba siyo yenyewe, twasema imedumu. Ukweli wa kitu chenye maisha umo katika mwendo wake wote ulioungana, pamoja na majeraha na viraka vyake.

Lakini hapa ndipo linapozaliwa jambo ambalo mahakama haikuulizwa. Kama thamani ya motokaa hiyo ni historia yake isiyokatika, basi mwenye kuistaajabia hana ruhusa ya kuchagua siku za ushindi na kuzitupa siku za msiba. Ni motokaa iliyoshinda Le Mans mwaka 1929 na mwaka 1930. Ni ile ile aliyofia Dunfee mwaka 1932. Mtu hawezi kusema, “Jina ni lile lile tunapohesabu vikombe,” kisha akasema, “Hayo ni ya motokaa nyingine,” tunapohesabu maiti. Rangi mpya ikipakwa ili tuone utukufu tu, imepakwa juu ya kaburi.

Na tukiendelea kuuliza, twaona zaidi. Barnato, ambaye tangu mwaka 1926 alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya Bentley na ndiye aliyeipa fedha nyingi, mali yake ilitoka wapi? Aliirithi kwa baba yake, Barney Barnato, Mwingereza aliyetoka katika mitaa ya maskini ya London akaenda Kimberley, Afrika ya Kusini, akatajirika kwa almasi. Katika machimbo hayo, tangu miaka ya 1880, wachimbaji Waafrika walifungiwa kambini muda wote wa mkataba wao, wakapekuliwa miili yao wasije wakatoka na jiwe. Hatusemi kwamba dereva yule hakuwa hodari. Alikuwa hodari sana: aliingia Le Mans mara tatu, mwaka 1928, 1929 na 1930, na mara zote tatu alishinda. Wala hatusemi kwamba mtoto ahukumiwe kwa mambo ya baba yake. Twasema tu kwamba mngurumo ule unaowapendeza watu ulilipiwa kwa sehemu na jasho la watu wa bara letu, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya bati lo lote. Atakaye kuirudisha motokaa katika ukweli wake wa kwanza na arudishe na hilo.

Twasikia mtu akinung'unika: “Mwataka kutuharibia furaha yetu.” La hasha! Furaha isiyoweza kuvumilia habari za kweli ni furaha dhaifu. Amjuaye mwenzake kwa mazuri na mabaya yake, akampenda, ndiye ampendaye hasa; mwingine apenda picha aliyojichorea. Kizuri hakikosi ila, na mapenzi ya watu wazima huijua ila hiyo.

Sasa tuyatazame matendo, maana swali hili huingia katika biashara kila siku. Motokaa ya kale ya mashindano ikiwa na jina, bei yake hupanda kupita kiasi. Hapo ndipo mjanja huona njia. Huchukua fremu isiyo na historia, akaipiga namba ya motokaa iliyokufa. Au motokaa moja hugawanywa: injini yake ikawekwa katika bodi moja, fremu yake ikachukua bodi nyingine, na kila mwenye kipande akadai kwamba ndiye mwenye ile ya kweli. Swali la Hobbes, lililokuwa la wenye hekima, limekuwa mtego wa wanunuzi. Na tofauti kati ya fundi mwema na laghai mara nyingine haimo katika kazi ya mikono yao, maana wote wawili waweza kuwa hodari. Imo katika neno moja tu: je, anasema kipi ni kipya na kipi ni cha kale?

Twafurahi kuona kwamba wapenzi wenyewe wa vyombo hivyo wamelitambua jambo hili. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lina mwongozo uitwao Mkataba wa Turin. Mwongozo huo wataka chombo cha kale kihifadhiwe kwanza, kisitengenezwe upya ila kwa haja, na sehemu mpya zitiwe alama zisizofutika, ili ajaye baadaye asidanganyike. Tazama unyofu wa agizo hilo! Fundi atumie ustadi wake wote ili kipuri kipya kilingane na cha kale, kisha, yeye mwenyewe, akitie alama ya kusema, “Hiki nimekitengeneza mimi.” Hapo sifa yake haipungui. Yaongezeka, maana sasa twajua ni kazi gani ya kumsifia.

Jambo jingine limetokea Marekani. Huko Pebble Beach, California, tangu mwaka 1950 hufanyika maonyesho makubwa ya motokaa nzuri. Kwa miaka mingi tuzo ya kwanza ilikwenda kwa zile zilizotengenezwa upya, na nyingine zilitoka mikononi mwa mafundi zimeng'aa kupita zilivyotoka kiwandani. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, tuzo hiyo kubwa ilitolewa kwa motokaa iliyohifadhiwa tu bila ya kufanywa mpya. Nayo ni Bugatti ya aina ya 59, ya mwaka 1934, iliyoshindana katika mashindano makubwa ya Ulaya, kisha ikanunuliwa na Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji. Ilisimama mbele ya waamuzi na rangi yake iliyochoka na alama za miaka yake, ikazishinda zilizong'aa. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Waamuzi wale, kwa siku moja angalau, waliukataa unyemi huo, wakauheshimu uzee usiojificha.

Je, hayo yana faida gani kwa jamaa zetu, ambao wengi wao hawatamiliki motokaa ya kale ya mashindano maisha yao yote? Twaona yana faida tatu.

Ya kwanza ni juu ya kazi. Nchi yetu imejaa mafundi ambao kila siku hufufua vyombo vilivyokwisha. Hawafanyi hivyo kwa maonyesho. Hufanya hivyo kwa sababu mwenye basi hana la kununulia jingine, na abiria wanangoja. Fundi wa chini ya mwembe, achongaye kipuri kutoka chuma chakavu ili lori lifike sokoni, ana akili na mikono ileile ya yule wa Ulaya. Hana zana zake tu, wala watu wa kumshangilia. Kijana apendaye kutazama picha za motokaa zilizofufuliwa asicheke mkono wenye grisi wa jirani yake. Na yule fundi wa mtaani naye ajue kwamba amebeba roho za watu. Breki aliyoifunga vibaya akaificha kwa kifuniko kizuri haitauliza kama mwenye gari ni tajiri au maskini. Kazi isiyoonekana ndiyo kipimo chake, kama ilivyo kipimo cha wale wenye sifa duniani.

Ya pili ni juu ya neno letu. Mzazi auzaye baiskeli, cherehani au lori lililotumika, naye alisifia kuliko lilivyo huku mtoto wake akisikiliza, amemfundisha somo ambalo shule haitaliondoa kwa urahisi. Na amwambiaye mnunuzi, “Injini hii ilifunguliwa mwaka jana, na sanduku la gia si lake la asili,” pengine atapata shilingi kidogo kuliko alizotaka. Lakini mtoto wake amepata kitu. Njia ya mwongo ni fupi, na aliyedanganya kwa rangi leo atakutwa na mvua kesho.

Ya tatu ni nzito kupita hizo, nasi twaisema kwa upole. Ukimwona mtu akisafisha kwa subira chuma cha miaka tisini, akitafuta mwaka mzima kipuri kimoja kilichopotea, akisikiliza sauti ya injini apate kujua maumivu yake, huwezi kukosa kujiuliza: je, subira hiyo yatosha pia kwa watu wa nyumbani mwake? Twajua nyumba ambamo motokaa ya baba imefunikwa turubai isipate vumbi, na bibi wa watoto amekaa pembeni hana wa kusikiliza hadithi yake kwa mara ya pili. Naye ana historia isiyokatika. Amekwisha kubadilika karibu yote, meno, macho na mwendo. Lakini ndiye yule yule aliyembeba baba mgongoni. Yeye hahitaji kurudishwa katika ujana ili astahili heshima. Ahitaji kutunzwa alivyo, kuulizwa habari za zamani, na kusikilizwa mpaka mwisho, pamoja na yale ya huzuni asiyopenda kuyasema mbele ya wageni.

Twatumaini hakuna msomaji atakayedhani kwamba twapinga mapenzi ya motokaa za kale. Kinyume chake, twapenda yawe makubwa zaidi kuliko yalivyo. Apendaye ustadi wa fundi na ajifunze kutenda kazi yake kwa uaminifu huo huo, hata mahali pasipoonekana. Apendaye historia ya chombo na aipokee yote, ya ushindi na ya msiba, ya waliokiendesha na ya waliochimba mali iliyokinunua. Na ajuaye kukitunza chuma kilichozeeka, siku zile ambazo angekuwa karakanani hata usiku, na aache bisibisi mapema kidogo, aende akaketi na mzee wake.